Baba, vua shati

Kwenye karakana yetu pale Keko, Dar es Salaam, juu ya swichi ya mashine ya kuchania mbao, kuna kipande cha plaiwudi kimegongelewa misumari miwili. Kina namba za penseli, ile penseli bapa ya fundi. 1,280. 1,240. 1,205. 1,190. 1,190. 1,210. Wateja wakiingia hudhani ni vipimo vya kabati au madeni ya mtu. Ni gramu. Ni uzito wa binti yangu kuanzia usiku aliozaliwa, Agosti 2024, hadi asubuhi tuliyotoka naye wodini.

Sijawahi kuiandika habari hii yote mahali pamoja. Naiandika sasa kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu Tandika, dereva wa bajaji, alinifuata karakana akasimama mlangoni muda mrefu bila kusema. Mkewe kajifungua kabla ya siku. Mwisho akauliza, "Fundi, hivi mwanaume anaruhusiwa kumbeba?" Nilimjibu palepale. Lakini usiku nilikosa usingizi, kwa sababu mimi zamu yangu ilipofika hata swali hilo sikuwa nalo.

Mimba ilikuwa na wiki 31. Mke wangu alivimba miguu tangu Jumatano, ndala haziingii, tukasema ni uchovu. Jumamosi kichwa kikaanza kumuuma, akawa anaona vimulimuli. Jirani yetu wa chumba cha uani, mama mtu mzima aliyezaa sita, alimtazama usoni mara moja tu akanigeukia: "Baba, huyu mpeleke sasa hivi. Usingoje jioni." Huo ndio msaada wa kwanza tuliopata kutoka kwa watu, na naamini ndio uliookoa roho mbili. Kituo cha afya walipima presha wakakuta 172 kwa 118. Wakamchoma sindano za kuzuia kifafa cha mimba, na nyingine ya kukomaza mapafu ya mtoto. Hiyo ya mapafu inataka muda ndipo ifanye kazi, na muda hatukuwa nao. Saa tano usiku wakamfanyia upasuaji.

Alilia mara moja. Sauti yake ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha kimya, na watu wakaanza kutembea haraka.

Kituo hakikuwa na uwezo wa kumtunza mtoto wa uzito ule, kwa hiyo tukaandikiwa rufaa. Mama alikuwa bado hajazinduka, akabaki. Mtoto walimzungushia pamba, wakamfunga khanga mbili, wakanipa mimi. Nesi mmoja alipanda nasi kwenye gari la wagonjwa, akashughulika na oksijeni njia nzima. Dirisha la upande wangu lilikuwa halifungi. Barabara ya Mandela usiku ina malori ya bandarini kama mchana, tukawa tunasimama, tunasogea, tunasimama. Mimi nimeshika ule mzigo kwa mikono miwili mbele yangu kama mtu aliyebeba kioo, naogopa hata kuuegemeza mwilini nisije nikauvunja.

Tulipofika wodi ya watoto wachanga, sista alimpima joto. 34.8. Mtoto anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. "Amepoa sana," akasema, hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo nimelibeba neno hilo. Mtoto wa uzito ule hana mafuta chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi. Joto linamtoka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Na akipoa, sukari inashuka, kupumua kunamshinda. Kifua changu kilikuwa pale. Kati yake na mimi palikuwa na inchi nane, labda tisa. Hakuna aliyeniambia nifungue vifungo vya shati, na mimi sikujua kwamba mwili wangu ni dawa.

Sitaitaja hospitali wala kituo. Watu wale walifanya kazi kwa nguvu zao zote, wachache, usiku. Lakini nalisema hili kwa kila mhudumu atakayesoma: mkimpa baba mtoto ambebe kwenye gari, mwambieni amweke ngozi kwa ngozi. Maneno hayo hayagharimu hata shilingi moja.

Sista akaniuliza mama yuko wapi. Nikamweleza. Akauliza nani mwingine wa familia yupo. Nikasema mama mkwe yuko njiani. Akanitazama juu hadi chini. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja mchana ule, nanuka vanishi na tina, vumbi la mkongo limejaa masikioni. Akanionyesha bomba na sabuni. "Oga kuanzia shingoni mpaka kiunoni, sugua kucha, kisha rudi." Niliporudi akasema: "Baba, vua shati. Kaa hapa."

Nataka nieleze alivyomweka, kwa sababu watu wengi hunitaka nieleze. Mtoto anavaa nepi, kofia na soksi tu. Anasimamishwa wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, mikono imekunjwa pia. Kichwa kinalazwa upande mmoja, kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibe. Halafu anafungwa kwa khanga, ukingo wa juu uishie chini ya sikio, imara kiasi kwamba ukisimama hachuruziki. Mirija ya oksijeni ikapitishwa begani mwangu. Mpira wa maziwa ulikuwa puani. Mimi nikaegemea. Sista akasema, "Usimshike kwa woga. Pumua tu. Yeye atakufuata."

Nilipumua. Baada ya saa moja akampima tena. 36.1. Baada ya saa mbili, 36.6.

Alfajiri mama mkwe akafika. Mimi nimekaa kifua wazi kwenye kiti cha plastiki. Kwa namna nilivyolelewa, mkwe ni mtu wa kukwepana naye kwa heshima; akipita njia hii, mimi naingia ile. Nilijaribu kuvuta shati nijifunike, nikashindwa maana mikono yote imezuiwa. Nikamwamkia nimeinamisha macho: "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akaja mpaka karibu, akainama akamwangalia mjukuu. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa hakuna mkwe. Hapa kuna mtoto tu." Naye akaenda kunawa mikono.

Tukagawana. Usiku wanaume hawakuruhusiwa kulala wodini, kwa hiyo usiku ulikuwa wake, mchana wangu. Mke wangu alikaa kule kituoni siku mbili presha ikisumbua. Dada yake alimsaidia kukamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, mililita nne, mililita sita, kwenye bomba la sindano lililofunikwa. Aliyeyaleta ni kijana wetu wa kupiga msasa, mwenye pikipiki. Alikuwa akiyasafirisha ndani ya kibakuli safi chenye mfuniko, kibakuli ndani ya mfuko, mfuko ndani ya jaketi, na hasimami njiani hata kununua maji. Safari tano kwa siku mbili. Hakuchukua hela ya mafuta. Nilipomkumbusha mwezi uliofuata alininunia siku nzima.

Siku ya tatu mama mtoto akaletwa. Alipoonyeshwa binti yake alisema, "Mimi simgusi, nitamuumiza." Mama mkwe hakumjibu kitu, alimfungua vifungo vya gauni, sista akamhamisha mtoto kutoka kwangu kwenda kwake, na mke wangu akalia kwa muda mrefu bila sauti, huku mtoto akilala.

*

Baadaye sista yule, ambaye kila jioni alikuwa akitupa somo kidogo sisi wa chumba cha kangaroo, yaani cha kubebea watoto kifuani ngozi kwa ngozi, alitueleza jambo hili lilipotoka. Lilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Hospitali ilikuwa na watoto njiti wengi, waliozaliwa kabla ya siku, na vifaa vya kuwapa joto vichache, madaktari wakaamua kuwakabidhi watoto kwenye vifua vya mama zao. Miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba mtoto apate kwanza nafuu kwenye mashine, ndipo aende kifuani. Sasa je, yule aliye mahututi? Swali hilo Shirika la Afya Duniani lililifanyia utafiti katika nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwetu ilikuwa hapahapa Dar es Salaam, Muhimbili. Walichukua watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Waliosubiri nafuu kwanza walifariki karibu 16 katika kila 100 ndani ya siku 28. Waliowekwa kifuani mapema tangu kuzaliwa, bado wakipewa oksijeni na dawa zao, walifariki 12 katika kila 100. Tofauti ilikuwa wazi mno hata utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, Januari 2020, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima wengine. Matokeo yalichapishwa 2021, na mwaka 2022 shirika hilo likatoa mwongozo mpya: kifuani mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Niliposikia hayo nilijivuna, kusema kweli. Jambo linaloshauriwa sasa duniani kote limepimwa pia kwenye vifua vya mama wa mji huu, akina mama wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, wa Tandale. Ningependa wajue.

Lakini ipige hesabu ile. Saa 24. Mama ametoka kupasuliwa. Anatakiwa akamue maziwa kila baada ya saa tatu, ale, aoge, aende msalani, alale. Mtu mmoja hawezi, hata awe na moyo wa namna gani. Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye swali lile la sista: nani mwingine wa familia yupo? Na kila "mwingine" akiwa wodini, kuna mahali pengine ametoka. Kuna sufuria haipikwi, kuna oda haikamiliki, kuna mtoto mwingine anamngoja mtu getini kwa shule.

Kwetu kulikuwa na kijana wetu wa miaka sita. Jirani wa chumba cha uani alimchukua siku ile ya kwanza bila kuulizwa, na alikaa naye siku zote. Alimwamsha, alimpa chai na chapati, alimpeleka shule pamoja na wajukuu zake. Jioni alimpigia mama yake simu amsomee alichoandika daftarini. Baba mwenye nyumba alinipa miezi miwili ya kupumua kodi. Wenzake mke wangu wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, wanawake kumi na wawili wanaouza vitu vidogovidogo sokoni Tandika, walikutana Jumapili wakakubaliana wampe zamu yake mbele. Aliyestahili kupokea wiki ile alikuwa na shughuli ya binti yake, akasema shughuli itasogea. Sijui kama wasomaji wengine wanaelewa uzito wa hilo. Mtu wa uswahilini anaelewa.

Na Keko. Nilikuwa na oda ya vitanda vya dabo deka kumi na vinne vya bweni la shule, paini ya Mafinga, nimeshapokea malipo ya awali na tarehe imekaribia. Nilikuwa nimemaliza vitano. Mzee wetu pale kijiweni, aliyenifundisha kushika randa, aligawa vilivyobaki kwa mafundi wanne, kila mmoja baada ya kazi yake, kuanzia saa kumi na moja jioni. Walinidai gundi na misumari tu. Mzee huyo ndiye aliyeanzisha ubao. Kila mchana saa sita alinipigia: "Leo ngapi?" Nikitaja namba, naisikia penseli. Siku iliposhuka hadi 1,190 na kukaa hapo siku mbili, nilimweleza kwamba sista kasema wote hupungua mwanzoni, hata watoto wa kutimia. Akanyamaza, kisha akasema, "Mbao mbichi ikikauka inapungua. Halafu inatulia." Siku iliyoandikwa 1,285, kwamba amevuka uzito wa kuzaliwa, walizima mashine ya kuchania mbao wakapiga makofi. Nilisikia kwenye simu nikiwa koridoni, nikageukia ukutani watu wasinione.

Niseme pia ambayo hayakutusaidia. Wapo waliopiga simu kuuliza tumemkosea nani, mimba imechezewa na nani. Mke wangu alikuwa na presha, basi. Swali la nani kaloga linampa mama aliyelala kitandani mzigo wa pili. Wapo waliosema "mkihitaji chochote semeni," na najua walisema kwa nia njema, lakini mtu aliyekesha siku nne hajui anahitaji nini. Waliotufaa ni wale waliokuja wakachukua ndoo wakaenda kuchota maji. Na kuna mjomba alitusisitiza kwamba tukifika nyumbani tuweke jiko la mkaa chumbani usiku kucha ili mtoto apate joto. Naomba hili lisikike: moshi wa mkaa una hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, wakubwa kwa wadogo. Joto la mtoto njiti ni ngozi ya mtu.

*

Kitanda cha pili kutoka kwetu alikuwepo binti wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Kisarawe, na mapacha. Hakuwa na mtu. Mama mkwe alitaka ambebee mmoja, sista akakataa kwa upole: mtoto abebwe na watu wake, aishi na vijidudu vya kwao, maana ndivyo atakavyokwenda kuishi navyo nyumbani. Basi mama mkwe akawa anamfulia, anamletea uji wa mtama kwenye chupa yetu ya chai, na siku ya tatu akamwambia, "Nipe namba ya mama yako." Binti akasema mama yake amekasirika. "Nipe tu." Akatoka nje na simu yangu. Sijui walichozungumza wale wamama wawili. Kesho yake mama wa binti alifika, na tangu hapo kila pacha akawa na kifua chake.

Mtoto wa kitanda cha jirani kabisa hakuvuka. Alikuwa na gramu 1,050. Siku kumi na moja. Baba yake na mimi tulizoeana kwenye benchi la nje, yeye ni kuli wa Kariakoo, mtu wa maneno machache. Alfajiri ile alitoka amebeba kifurushi cheupe kwa namna ileile niliyobeba mimi kwenye gari la wagonjwa, mikono miwili mbele. Safari hii nilisimama nikatembea naye mpaka getini. Watu watatu tu walikwenda kumzika, ndivyo tulivyozoea kwa wachanga, haraka na kimya. Wapo waliomwambia mkewe, "Mtapata mwingine." Mama yule alikuwa na maziwa yanadondoka kwenye gauni. Siku kumi na moja alimbeba kifuani, alijua anapenda kulalia sikio la kushoto. Nawaomba, kwa mama kama huyo neno hilo msilitamke. Kaeni naye. Ulizeni jina la mtoto.

Baba huyo bado huja karakana. Jina la mtoto wao lipo kwenye ubao ule, pembeni, kwa mwandiko wa mzee. Aliliandika mwenyewe bila kuambiwa.

*

Tulitoka siku ya 33, binti akiwa na gramu 1,710. Hapumui tena kwa msaada, ananyonya mwenyewe, anaongezeka kila siku, joto limetulia; hayo ndiyo waliyoyaangalia. Tukapewa tarehe za kliniki kila wiki, na ya kupima macho, maana macho ya watoto waliowahi yanahitaji kuchunguzwa mapema. Na tukaambiwa kangaroo inaendelea nyumbani mpaka mtoto mwenyewe aanze kujitikisa kukataa.

Hapa pana jambo linaloniuma. Mei Mosi ya 2024 serikali ya Rais Samia ilitangaza kwamba mama mfanyakazi aliyejifungua njiti aongezewe muda wa likizo, na baba apate siku 7 badala ya 3. Nilifurahi nilipokuja kulijua, na nawashukuru waliolipigania miaka mingi, kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti na taasisi yake imeshika jambo hili. Lakini sisi wa Keko, wa Tandika sokoni, wa bodaboda, hakuna mwajiri wa kutupa siku hata moja. Likizo yangu ilikuwa wale mafundi wanne na vitanda tisa. Likizo ya mke wangu ilikuwa wale wanawake kumi na wawili. Asiye na watu wa namna hiyo, anafanyaje? Nadhani vikundi vyetu, vikoba, michezo, vyama vya mafundi, misikiti na makanisa, vingeweza kuweka jambo hili kwenye katiba zao kama tulivyoweka misiba. Msiba ukitokea kila mtu anajua wajibu wake: nani anapika, nani anakaa na mkoba wa rambirambi, nani anatafuta maturubai. Mtoto njiti akizaliwa hakuna anayejua afanye nini, na yuko hai.

Nyumbani jioni zilikuwa zangu. Naoga, naondoa vumbi lote, navua shati, mama watoto ananifunga khanga, navaa shati kubwa juu na kufunga vifungo mpaka kwenye kofia yake. Mwanzoni nilijificha ndani. Siku moja umeme ukakatika, chumba kikawa na joto, nikatoka nje nikaenda hadi kijiwe cha kahawa nikiwa naye. Mazungumzo yakasimama. Nikaamkia. Mzee mmoja akasogea kwenye benchi kunipisha mahali pa kuegemea ukuta, muuza kahawa akaninyooshea kikombe, akakirudisha: "Hapana, ya moto hii, itamdondokea." Akanipa kashata. Wakaendelea na mpira wao, kwa sauti ya chini. Kuanzia jioni ile ilikuwa kawaida, na yule kijana wa bajaji aliyekuja wiki iliyopita alikuwa miongoni mwa waliokaa pale.

Sasa viti.

Siku zote zile wodini nilikaa, na mama mkwe akakaa, na kina mama wote wakakaa, kwenye viti vya plastiki vya mgongo wima. Kangaroo inataka uegemee nyuma. Ukikaa wima mtoto anateleza chini, shingo inajikunja, na wewe mgongo unakufa baada ya saa moja. Mama mwenye mshono ndiyo kabisa. Mimi nakaa pale, fundi wa miaka kumi na saba, natazama kiti kibaya. Nikaanza kuchora nyuma ya karatasi ya vipimo vya maabara.

Tulitengeneza viwili Januari iliyofuata, kwa vipande vya mkongo vilivyobaki kwenye kazi za kila mtu. Kimo cha kukalia inchi 16, ili mwenye mshono asizame akashindwa kuinuka. Mgongo inchi 32, unaolala kwa ngazi tatu, na kufuli ya mbao ambayo mtu anaiachia kwa mkono mmoja kwa kuwa mwingine una mtoto. Mikono ya kiti mipana inchi 5, kikombe cha maziwa kikae. Nilimpelekea sista wa kile chumba picha kabla ya kumalizia, naye akanirekebisha: hataki kitambaa, hataki godoro lenye mshono wa kuingiza uchafu, hataki kona kali, na kila sehemu ioshwe kwa klorini bila kuharibika. Tukabadilisha. Foronya ya ngozi bandia inayovuliwa, kona zote za mviringo, vanishi ngumu mikono minne. Wa kupiga msasa alikuwa yule yule wa pikipiki.

Binti yangu leo anatembea, na amejifunza kuokota maranda ya mbao sakafuni na kuyala tukigeuka. Kiti cha tatu kipo karakana, kimekamilika fremu, bado mgongo. Kinakwenda hospitali alikolazwa mtoto wa kijana wa bajaji. Mganga mfawidhi ameshakubali tukilete. Fundi yeyote wa Keko, Buguruni, Manzese au mkoani anayetaka vipimo, ubao nimeuchora upya, kipande cha pili cha plaiwudi, pembeni ya ule wa gramu. Aje na futi yake apime mwenyewe, nitamkatia kiolezo cha ile kufuli, maana ndiyo inayosumbua.